Gunia la Mkono Mmoja

Gunia tupu halisimami, ndivyo walivyosema wahenga, lakini wahenga hawakutuona sisi mwaka ule wa alizeti nyingi. Sisi tulilisimamisha. Tulilishindilia makapi, tukalishona mdomo kwa shazia, tukalipanga kwenye foleni, likasimama wima kuliko hata mwenye nalo.

Nitaeleza taratibu, maana jambo hili ni la aibu, na aibu ikielezwa haraka hugeuka kichekesho. Wako waliokwisha kuligeuza kichekesho. Mimi bado sijaweza.

Kitongoji chetu kiko nje kidogo ya Kinyangiri. Mashine ya kukamua alizeti ilikuwa moja tu, ya Jenipher, mjane wa marehemu Christopher. Ni mashine ndogo. Inakamua kwa uwezo wake, ikichemka inazimwa ipoe, na hakuna wa kuibembeleza. Jenipher hatozi fedha. Unaleta alizeti, unaondoka na mafuta, mashudu unamwachia yeye, naye huwauzia wafugaji. Na tangu enzi za Christopher tulikuwa na desturi yetu pale: gunia ni mtu. Ukilisimamisha gunia lako kwenye foleni na kulifunga kitambaa chako, unaweza kwenda zako shambani, msibani, hata Singida mjini, na hakuna wa kulisogeza. Kulitikisa gunia la mtu ilikuwa sawa na kumpapasa mwenyewe mifukoni.

Mwaka ule mvua zilinyesha vizuri, na kila mtu alikuwa amelima alizeti, hata wale wanaoapa miaka yote kwamba wao ni watu wa mtama. Mavuno yakaja kwa pamoja. Mashine ikabaki ileile. Watu walianza kwa kununiana, wakaja kutukanana, mwisho wakashikana mashati. Jenipher, ambaye hapendi kelele, akaweka sheria: hakuna atakayekamuliwa yote kwa mkupuo. Katika kila zamu, mwenye magunia mengi kwenye foleni atakamuliwa mengi kidogo, mwenye machache atakamuliwa machache, ili kila nyumba ipate mafuta ya kuanzia. Sheria nzuri. Ukiisikia unasema amina.

Ila alisahau anaishi na watu gani.

Sijui nani alianza. Ukiuliza, kila mtu alianza jirani yake. Mwenye magunia matatu ya alizeti aliona kwamba akisimamisha manane atafikiriwa zaidi. Makapi yamejaa kila uwanja wa kupigia alizeti, na hayana bei. Zamu ikifika unabeba mwenyewe lile gunia la kweli mpaka kwenye mashine, na yale ya makapi yanabaki kukushikia nafasi. Jirani akiona yako yameongezeka, naye anaongeza, kwa kuwa sasa fungu lake limepungua. Wewe ukiona fungu lako limepungua, unaongeza tena. Foleni ikatoka uani kwa Jenipher, ikapita mbele ya duka la Noel, ikafika barabarani. Alizeti haikuwa imeongezeka hata punje.

Msimamizi wa foleni alikuwa Ezekieli, kaka mkubwa wa marehemu Christopher na mzee wa kanisa. Ni mtu mrefu, mwenye maneno machache, na ukimwona anavyokunja mikono nyuma unajisikia kama umekosa jambo. Siku tulipomzika Christopher ndiye aliyesimama juu ya kaburi akasema mbele yetu sote kwamba mke wa mdogo wake hatadhulumiwa na mtu yeyote yeye akiwa hai. Tulilia. Jenipher alilia kuliko sisi, na akayaweka moyoni maneno yale.

Basi, asubuhi moja mbuzi alikuja kujikuna kwenye gunia la Philipo. Gunia likaanguka. Gunia la alizeti likianguka unasikia kishindo hadi jikoni. Hili lilianguka kama mto wa kulalia. Ezekieli akalisogelea, akalishika masikio, akalinyanyua kwa mkono mmoja. Akabaki amelining'iniza hewani, akatazama kushoto na kulia. Halafu, badala ya kumwita Philipo, akalisimamisha pale pale na kulipangusa vumbi.

Jioni alimweleza mkewe, Agnes.

"Philipo anatuibia," alisema.

"Philipo peke yake?" Agnes aliuliza. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua macho. "Baba, wewe ndiye msimamizi na hujui? Foleni yote ile ni makapi. Wenzio wanapata mafuta, sisi tunakula mlenda chukuchuku. Halafu unakuja kunihubiria mimi."

"Nitawaumbua kesho."

"Waumbue. Halafu wakuchukie kitongoji kizima, na mafuta usipate vilevile."

Hakuwaumbua. Alikaa akifikiri kwamba mtu mwaminifu katikati ya wajanja ni mjinga tu, wazo ambalo kila mmoja wetu alikwisha kulifikiri kabla yake. Akatwaa shazia. Makapi akayashindilia kwa mguu, juu akaweka alizeti safi kiasi cha kiganja, asije mtu akachomeka kidole akashtuka. Akafunga vitambaa vya bluu, alama ya nyumba yake. Alipokwenda kuyasimamisha aliona haya, akakohoa bila kuwa na kikohozi. Sisi tuliokuwa pale tulimsalimia kwa heshima zote. Tulimwona, naye alijua tumemwona, na tangu siku ile hakumkemea mtu tena kwenye foleni.

Foleni ikawa sifa. Watu wa Kinyangiri walikuja na mikokoteni ya alizeti ya kweli, wakaiona, wakasema hapa tutazeeka, wakageuza punda. Noel akaona huku ndiko mafuta yatakakomwagika, akaagiza madumu matupu ya kuwekea, akayapanga mpaka darini. Jenipher naye, kila akitoka nje, anaona watu wanamngojea, na mashine yake inahema kama mgonjwa. Hakulala vizuri. Alijiona anawanyima watu.

Ndipo siku moja, saa za kunywa chai, akaja hadi pale Ezekieli alipokuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya foleni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri." Akachuchumaa. "Shemeji, kuna mtu wa Itigi anauza mashine yake ya kukamua. Kubwa kuliko yangu. Anahama. Nikiwauza Kazimoto na Subira, nikaongeza akiba yangu, naipata."

Kazimoto na Subira walikuwa maksai wa Christopher. Ndio waliolima shamba la Jenipher, na wakimaliza la kwake walihamia la Ezekieli, kisha langu mimi hapa, na la Philipo pia.

"Maksai wa marehemu," Ezekieli alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Ng'ombe wakishaondoka wameondoka. Mvua zikija sitakuwa na cha kulimia. Lakini kama kazi ni hii ninayoiona, nitaajiri trekta na chenji itabaki." Akanyoosha kidole kwenye foleni. "Wewe ndiye unayekaa nayo kutwa. Nataka uniambie wewe. Foleni hii ni alizeti?"

Swali lilikuwa wazi kiasi hicho. Ezekieli aliitazama foleni. Vitambaa vya bluu vilikuwa hapo karibu na goti lake, vinapepea. Angesema hapana, Jenipher angeuliza, kuanzia la nani? Na angeuliza mbele yetu, maana tulikuwa tumekaa hapo tukijifanya tunaongea habari za mpira. Wote tulitega masikio. Hakuna aliyefungua mdomo kumsaidia.

"Si unaiona mwenyewe," Ezekieli alisema.

Yatazame vizuri maneno hayo. Si uongo. Hata ukiyapeleka kwa mchungaji, hana pa kuyashikia. Aliyachagua kwa sababu hiyo, na nikiyakumbuka natamani kutema mate.

Jenipher hakuondoka mara moja. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, akiufumba na kuufumbua, kama mtu aliyechomwa na mwiba asijue umeingilia wapi.

"Haya, shemeji," akasema. "Kama umesema wewe."

Mnadani ng'ombe hupelekwa na mwanamume wa ukoo, kwa hiyo aliyewaswaga Kazimoto na Subira ni Ezekieli huyo huyo. Alituhadithia mwenyewe baadaye, alipokuwa hana tena cha kuficha. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba mbele ya ule mti atageuka, na mti ukipita anatafuta mwingine. Maksai wale walikuwa wamezoea kugeuka wenyewe wakifika mwisho wa mtaro, hawahitaji kuambiwa. Yeye alishindwa.

Mnunuzi aliwapapasa mabega, akawafungua midomo, akashangaa. "Mzee, maksai wazuri hivi mnauza? Wana kasoro gani?"

"Hawana kasoro," Ezekieli alisema. "Kasoro tunayo sisi."

Mnunuzi akacheka, akidhani mzee anafanya mzaha, akalipa.

Mashine mpya ilipofika ilibidi iombewe. Jenipher alipika wali, akaalika watu, kwaya ikaja na vitenge vya sare. Mchungaji alikuwa safarini, na mchungaji akiwa safarini anayeomba ni mzee wa kanisa. Ezekieli alivua kofia. Aliomba kwa kifupi, akikatisha maneno, na watu wakasema mzee ameguswa na kumbukumbu ya mdogo wake. Akina mama wengine walijifuta machozi. Amina yetu ilikuwa kubwa. Ndivyo tulivyo, tukiwa na hatia tunaitikia kwa nguvu.

"Sasa," Jenipher alisema, na uso wake ulikuwa umechanua namna ambayo hatukuiona tangu msiba, "kabla ya mtu mwingine yeyote, gunia la kwanza litakuwa la shemeji yangu. Yeye ndiye aliyesimama na mimi. Vijana, mleteeni mzee gunia lake. Leo habebi."

Ezekieli akashtuka. "Hapana, hapana, nitabeba mwenyewe."

"Leo hubebi, shemeji."

"Basi chukueni lile la mwisho kule. Lile kule nyuma."

"Si yote ni yako?" Jenipher akacheka. "Chukueni hili la karibu."

Wanakwaya wawili walikwenda, kwa kuwa gunia la alizeti hunyanyuliwa na wawili. Wa kwanza aliyelishika alijikuta amelinyanyua peke yake. "Mzee, alizeti yako mwaka huu ina mabawa!" alipiga kelele, na watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika upande mmoja baada ya mwingine. Mimi sikucheka kabisa. Ya kwangu yalikuwa yamesimama nyuma ya yake.

Wakakata uzi, wakalimimina. Ikashuka ile alizeti ya kiganja, ikimetameta. Baada yake yakashuka makapi, na vumbi lake likapanda hadi kwenye paa. Mashine mpya ikayameza, ikagonga, ikaanza kutoa moshi. Jenipher aliizima. Akaingiza mkono ndani, akatoa konzi moja, akaifungua kiganjani na kuipuliza. Kiganja kikabaki kitupu.

Hakumtazama Ezekieli. Alitoka akaenda kwenye foleni, akashika gunia la pili lenye kitambaa cha bluu, akalinyanyua kwa mkono mmoja. Akaliweka chini. Akaenda kwa la Philipo, kwa la Noel, kwa langu. Alinyanyua, akaweka, akanyanyua, akaweka, akashuka na foleni kuelekea barabarani, na vitenge vya sare alivyowashonea wanakwaya kwa siku ile vikabaki vinamtazama. Ile desturi yetu kwamba gunia ni mtu, kwamba haliguswi, hakuna aliyeikumbusha. Yaliyokataa kunyanyuka aliyapigapiga taratibu kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni. Yalikuwa machache mno.

Aibu ile sijui niiambieje. Tungepigwa ingekuwa nafuu. Kila mtu alikuwa anangoja lake lifikiwe, na likishafikiwa anatamani ardhi ipasuke, na haipasuki. Wali ulikuwa unanukia jikoni na hakuna aliyediriki kuuliza.

Ndipo Philipo, Philipo yuleyule wa mbuzi, akapayuka, "Mzee wa kanisa! Na wewe? Tena umetoka kuomba sasa hivi!"

Na sisi, Mungu atusamehe, tukadakia. Ghafla tulikuwa na mtu wa kumwangushia lawama. Tukapaza sauti, wengine wakanyoosha vidole, na Ezekieli akasimama katikati yetu, kofia bado iko mkononi, asijitetee hata kwa neno moja. Angeweza kututaja mmoja mmoja. Hakututaja. Hapo ndipo kelele zetu zilipoanza kutuchoma wenyewe, zikafifia, na watu wakaondoka kwa kupitia nyuma ya nyumba.

Alizeti ya kweli ilikwisha kabla ya Jumapili iliyofuata. Mashine mbili zikabaki zimekaa kama wageni wasiojuana. Jenipher aliwatumia salamu watu wa Kinyangiri, wale waliogeuza punda, wakamjibu kwa adabu kwamba walikwisha kukamulia kwingine siku nyingi. Noel alianza kuuza madumu yake kwa wachota maji, nusu kwa kupatana na nusu kwa kubembeleza. Akili nyingi huondoa maarifa, tulikuwa tunawaambia watoto, na watoto walikuwa wanatutazama tu.

Ezekieli aliacha kukaa benchi la mbele kanisani. Hakuna aliyemwambia aache.

Mvua za kwanza zilipoanguka, hatukuwa na maksai wa kuazima, na trekta haliji kwa mtu asiyekuwa na chochote. Tulitoka na majembe ya mkono, kila mtu kwake, tukipita shamba la Jenipher bila kuligeukia. Shamba lile ni kubwa. Christopher alililima kwa sifa. Asubuhi moja tukamwona Ezekieli amelianza pembeni, peke yake, akiwa hajagusa la kwake. Kesho yake tena. Kwa jembe la mkono, mtu wa umri ule, alikuwa anaacha alama ndogo mno, kama kuku aliyechakura.

Siku ile nilikuwa kwenye mpaka wangu, nalima karibu, ndiyo maana nilisikia. Jenipher alikuja na uji kwenye kikombe cha bati. Shemeji yako akikulimia humwachi na njaa, hata kama humsemeshi. Aliweka kikombe juu ya jiwe na kugeuka.

"Shemeji," Ezekieli alimwita.

Akasimama, bila kugeuza uso.

"Siku ile uliponiuliza, nilikuwa najua." Alisema kwa shida, ameegemea mpini. "Nilijua yote. Na ya kwangu nilikwisha kuyajaza."

Jenipher alipiga hatua moja kuelekea nyumbani. Halafu akageuka. Hakuwa na hasira, na mimi niliomba awe nayo.

"Na mimi nilijua," alisema. "Asubuhi ile, kabla sijakuja kwako, nilikuwa nafagia pale uani. Gunia lako lilikuwa limenizuia, lile lenye kitambaa cha bluu, nikalisogeza. Kwa mkono mmoja." Akaunyoosha ule mkono wa kulia, akautazama kama alivyoutazama siku ile. "Nikasema, labda nimepata nguvu. Ndipo nikaja kukuuliza."

Ezekieli aliinamisha uso juu ya mpini.

"Ukanijibu. Nikaamini mdomo wako, nikaukana mkono wangu."

Akamwambia anywe uji kabla haujapoa, akaenda zake. Nilijifanya nalima. Nilipoinua macho, uji ulikuwa bado juu ya jiwe, na Ezekieli alikuwa amesimama pale pale, jembe limemshinda kunyanyua.